Upanga Uliopatwa na Kijicho

Ustadh Wagdi wa Iskandaria alikuwa mtu wa vipimo; hata chai hakuionja kabla ya kuipima joto. Kazi yake ilikuwa kutibu vyuma vilivyotolewa baharini. Mwaka ule aliletewa upanga wa kale, akaulaza katika beseni la maji ya magadi ili chumvi ya bahari iutoke. Aliunganisha waya mmoja kwenye upanga, mwingine akautia majini, na mita ikasoma volti. Zikipanda na kutulia, chuma kimepona. Zikianguka, kutu inakitafuna.

Wakubwa wa Kairo waliutaka. Alhamisi angekuja Daktari Ismat wa huko, na akikuta volti hazijatulia angeondoka na upanga akautibu kwake. Wagdi aliupenda upanga ule kama mtoto, na wazo la kuukosa lilimtia uchungu.

Balaa ni kwamba volti zilianguka kila wageni walipokuja kuusifu. Wagdi, aliyezoea kuwacheka wanaoogopa husuda, alianza kuwafungia watu mlango. Hatimaye, Mungu amsamehe, alining'iniza ushanga wa buluu wa kukinga jicho baya juu ya beseni, akaufunika kwa koti asichekwe.

Alhamisi Ismat akafika, akainama. "Wallahi, upanga mzuri ajabu!"

Umm Shawqi, mama wa chai, alitua sinia, akachota chumvi mfukoni, akaimwaga ndani ya beseni. "Jicho la hasidi lipofuke!"

Mita ikaanza kushuka.

"Umm Shawqi!" Wagdi alipiga ukelele. "Unafanya nini?"

"Naukinga, mwanangu. Wageni wako hawana adabu, hawasemi mashaallah. Kila wakitoka naunyunyizia, mpaka mkono unaniuma."

"Kumbe ni wewe! Mimi naitoa chumvi, wewe unaitia?"

"Na asante sijaambiwa."

Wagdi alikaa chini, hajui alie au acheke. Ismat alikuwa ameshacheka mpaka machozi.

"Basi ugonjwa tumeujua," alisema akijifuta. "Badilisha maji, volti zitapanda zenyewe. Upanga baki nao, Ustadh. Mimi nipe huyu mama. Ofisini kwangu mahasidi wamejaa tele."

Umm Shawqi alimpa kikombe chake cha chai, akamtazama kwa huruma.

"Kairo, baba? Hiyo hata bahari nzima ikaushwe, chumvi haitoshi."