Binti wa mashineni Ngonga anayewashusha wakubwa zake

Mama Kisa, anayeuza ndizi mbele ya nyumba yake hapa Ngonga, anaapa kwamba aliona kwa macho yake. Anasema Tusekile, binti wa nyumba ya pili, alikuwa amekaa kibarazani asubuhi hiyo na simu mkononi. Akabonyeza mara moja tu. Hapo hapo, kule mashineni, mashine ya kukoboa mpunga ikaamka yenyewe na kula vidole vya Mzee Godwin.

"Yenyewe, mwe! Hakuna aliyeigusa," anasema Mama Kisa, na kiganja kinamwenda mdomoni kana kwamba jambo limetokea sasa hivi. "Siku hizi mtu anakumaliza akiwa kwake anamenya ndizi."

Sehemu kubwa ya maneno hayo si kweli. Tusekile hakuwa kibarazani, alikuwa mashineni akishona magunia, wala hakubonyeza kitu. Lakini simu ilihusika kweli. Na vidole viwili vya Mzee Godwin havipo, jambo ambalo Tusekile mpaka leo akilikumbuka anaacha anachofanya.

Ni Jumamosi, saa moja asubuhi. Binti huyu wa miaka ishirini na minne ameketi juu ya gunia la mpunga, vumbi la pumba limemkalia kwenye nyusi. Mashine zote mbili zimenyamaza. Anafuta kioo cha simu kwa ncha ya kitenge, anakitazama, anafuta tena, ingawa kilishakuwa safi.

"Hapa ndipo nilipokosea," anasema, akionyesha majina manne, la kwake likiwamo. "Wote niliwaweka juu."

Tusekile aliishia darasa la saba. Alianza kibarua cha kushona magunia, na leo analipwa shilingi laki moja na themanini kwa mwezi, ambazo ndizo zinamweka shuleni mdogo wake. Mwaka jana mwenye mashine, Bwana Mudathiri, mfanyabiashara wa nafaka Kyela mjini, alinunua programu ya kusimamia matengenezo. Mashine ikiharibika, kazi inafunguliwa kwenye simu, jina la mashine linakuwa jekundu, na haiwashwi. Matengenezo yakiisha, kazi inafungwa na jina linarudi kijani.

Alipotafuta wa kuishika programu hiyo, alimwita Tusekile. "Huyu hana haraka," aliwaambia wengine. "Nyinyi mnabonyeza kama mnatwanga."

Kijana aliyeileta programu alikaa nao mchana mmoja. Akaeleza kuwa kila mtu apewe ruhusa ya ngazi yake. Msimamizi anapanga majina. Fundi ndiye pekee afunge kazi, maana ndiye anayeingiza mkono. Mwendeshaji anaona rangi na kuwasha. Mwenye mali, kwa kuwa hukaa mjini, awe mtazamaji: aone yote, asibadilishe lolote. Kisha akapanda bodaboda akaenda zake, akamwacha Tusekile na majina ya watu anaowaamkia kila siku.

"Aliyeyapanga yale maneno hajakaa kwetu," anasema. "Mtu anakulipa mshahara, wewe unamwandika mtazamaji? Kama mtoto anayechungulia ngoma?"

Hata hivyo alianza kama alivyofundishwa. Mzee Godwin akaja kuchungulia simu, akaona jina lake limekaa chini ya jina la Tusekile. Huyu ni fundi aliyeianza kazi na Bwana Mudathiri wakati mashine ikiwa moja tu, ndiye aliyemfundisha binti kusikiliza mkanda uliolegea. Alicheka, lakini si kicheko chake cha kawaida.

"Ndaga, asante, mwanangu," alimwambia. "Kwa hiyo kuanzia kesho mimi ndiye nitakuamkia shikamoo?"

Kesho yake Tusekile alimpandisha, akawa msimamizi kama yeye. Amon, kijana anayewasha mashine, akauliza yeye amekosa nini. Naye akapanda. Kwa bosi, Tusekile hakusubiri kuulizwa, alimpandisha mwenyewe.

"Niliona ni heshima," anasema. "Kumbe nimempa kila mtu neno la mwisho."

Zamani Mzee Godwin alikuwa na njia yake. Akienda kutengeneza, alitundika kofia yake kwenye swichi, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Programu ilipokuja alivaa kofia yake kichwani. Simu ilikuwa inatosha.

Siku ya tukio, mashine namba mbili ilikwama kwa pumba. Mzee Godwin alifungua kazi, jina likawa jekundu, akafungua mfuniko na kuingiza mkono wa kulia. Kule mjini, dukani kwake, Bwana Mudathiri akaiona nyekundu. Lori la mteja wa Mbeya lilikuwa linasubiri mzigo. Anamjua fundi wake: hutengeneza, humaliza, husahau kufunga kazi. Akadhani ni yale yale. Akaona amsaidie. Akaifunga.

Chumba cha swichi kiko nyuma ya ukuta, mbali na vumbi. Amon aliyekuwa humo hamwoni fundi, na mashine ya kwanza ilikuwa inanguruma, hata angeitwa asingesikia. Alitazama simu yake. Kijani. Akawasha.

"Nilimwona Mzee amekaa chini anautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine," anasema Tusekile. "Hakulia. Mimi ndiye niliyepiga yowe, na sikujua kama ni mimi."

Watu walipomkimbiza fundi hospitalini, yeye alibaki amesimama na simu. Ilikuwa bado kijani. Akadhani imeharibika, akaizima, akaiwasha. Kijani. Akaingia kwenye kazi yenyewe aone nani kaifunga. Amon alikuwa pembeni, anauliza, "Nani? Tuse, nani?" Tusekile akamgeuzia simu asome mwenyewe. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la Bwana Mudathiri.

Bosi alifika na gari lake akiwa na viatu visivyofanana. Alikaa juu ya magunia na kusema, "Nilidhani mmemaliza." Akasema tena. Akarudia mpaka Amon, ambaye hajawahi kumjibu bosi hata siku moja, akamwambia anyamaze.

Gharama za hospitali alilipa yeye zote, na mkewe alipeleka supu kila siku. Lakini la ruhusa hakuligusa. Jina lake bado liko juu, na kazi anaweza kuifunga leo hii akiwa dukani.

Hilo ndilo linalomkosesha Tusekile raha, kwa sababu Mzee Godwin anataka kurudi kazini Jumatatu. Yupo hapa asubuhi hii, mkono umefungwa bandeji, amekuja kuona wanavyopangwa upya.

"Kurudi narudi, nitakula nini?" anasema fundi huyo. "Ila siingizi mkono humo wakati simu ya Mudathiri inaweza kusema nimeshautoa."

Tusekile anamwomba radhi kwanza kabla ya kuligusa jina lake. "Tata, baba yangu, samahani, nakushusha."

"Nishushe, mwanangu, nishushe mpaka sakafuni. Huko juu nilipanda nikaacha vidole."

Jina linashuka, linakaa kwenye ngazi ya fundi. Amon, mlangoni, anasema na yeye ashushwe upesi, maana huko mtaani ameshaitwa muuaji na watu anaowadai chenji. Tusekile mwenyewe amejiondolea kufunga kazi, amebaki na kupanga majina tu.

Limebaki moja, la bosi. Kwa ruhusa aliyonayo anaweza kulishusha sasa hivi bila kumuuliza mtu.

"Naweza," anakiri. "Lakini akigundua ataniambia nirudishe, nami nitarudisha, kwa kuwa ni bosi. Akikubali mwenyewe hataniambia nirudishe."

Wenye mashine wawili, mmoja wa Ipyana na mwingine wa Mwaya, wamesikia habari hii na wamemtaka akawapangie ruhusa zao. Anatamani pia kusoma ufundi umeme akipata nafasi chuoni. "Ila nitakwenda kumfundisha nani," anauliza, "kama kwetu hapa bado?"

Gari linasimama nje. Bwana Mudathiri anaingia, amevaa kanzu, na leo viatu vinafanana.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba, Tuse. Ugonile, Godwin? Umelalaje?"

"Nimelala na vidole vinane," anajibu fundi.

Hakuna anayecheka. Tusekile anashuka kwenye gunia, anajikung'uta pumba, na kusema alichokuwa akijifunza kukisema wiki nzima: anaomba bosi awe mtazamaji.

Bwana Mudathiri anaigeukia mashine namba mbili. "Ili niinunue hii niliuza nyumba ya marehemu mama, Tuse. Leo niwe naichungulia dirishani?"

"Utaiona yote, bosi. Usiifunge tu."

"Na lori likiwa linasubiri?"

"Lisubiri," anasema Mzee Godwin.

Tusekile ameshalifungua jina la bosi wake na kuchagua ngazi ya chini. Kimebaki kitufe cha kukubali. Anapiga goti kidogo na kumnyooshea simu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni maji ya kunawa.

"Naomba ubonyeze wewe mwenyewe, baba."

Bwana Mudathiri anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kanzu, anaivaa. Mkono wake hautoki. Kioo kinaanza kufifia. Tusekile anakigusa kwa kidole gumba kisizime, anakishika tena kwa mikono miwili, na kuendelea kumnyooshea.