Kusubiri Ndani ya Gari

Niliondoka Buffalo kwa sababu ajensi ya vibarua iliniahidi kila mwezi kwamba kiwanda kitaniajiri moja kwa moja, na kila mwezi ahadi ikasogezwa mbele. Nikaja Columbus, humu humu Marekani, nikapanga kitongoji cha Whitehall, nikakuta ahadi ile ile imenitangulia. Sasa shemeji yangu ananiita Louisville. Anasema huko wanaajiri kweli. Hata Columbus niliambiwa hivyo hivyo.

Hapa kazi huja kwa simu. Jioni ajensi inatuma ujumbe: kesho njoo. Usipoupata, kesho huna kazi, na hakuna wa kumuuliza. Naichukia simu hiyo, na hata bafuni naingia nayo.

Jioni moja ujumbe ulimfikia jirani yangu, mama mtu mzima wa Uvira ninayesali naye, mimi ukanipita. Yeye hana gari, na kwenye ghala tunakopelekwa kufanya kazi basi halifiki. Asubuhi nikampeleka. Badala ya kurudi nyumbani nikabaki kwenye maegesho, maana huenda mtu akakosekana nikaitwa mimi.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake, akanipigia kutoka Ubelgiji, ambako anasafisha ofisi, naye kupitia ajensi.

"Yaya, huku niko nasaini contrat kila lundi. Bakinirudisha nyumbani katikati ya wiki, sheria inasema banilipe tu."

Mkataba mpya kila Jumatatu: nilimwonea wivu. Nikamwambia amshukuru Mungu.

"Bon, na lundi bakikosa kuniita? Mwenye nyumba amekataa kunipangisha. Anataka contrat yenye haina mwisho."

Tulicheka. Mara msimamizi wa ghala akatokea mlangoni, akaniita kwa kidole. Nilikata simu bila kuaga. Mlangoni nilipishana na kaka mmoja anatoka, anavua glavu, hakunitazama. Wenzake walisema amerudishwa nyumbani kwa kuwa alikuwa mzito wa mikono. Nilipewa meza yake, nikafunga maboksi hadi jioni kwa furaha ya kijinga.

Jioni hiyo ujumbe ulinijia mimi. Asubuhi nilipofika kwenye gari, jirani yangu alikuwa amesimama kando yake na viatu vya kazi, mfuko wa chakula mkononi.

"Bamekuita, mama?"

"Hapana. Lakini weye jana balikuingiza. Nitaikala mu gari."

Akapanda mbele, akafunga mkanda. Njia nzima aliomba kwa sauti ya chini, na nilisikia vizuri alichokuwa akiomba: nafasi moja tu. Nilitaka kuitikia amina. Niliogopa, kwa kuwa nilishaona nafasi inavyopatikana.

Nilimwachia funguo ili awashe hita, nikaingia. Siku nzima, kila mlango ulipofunguliwa, mikono yangu iliongeza kasi kabla sijageuka kutazama kama ni mama yule ameitwa.