Mayai ya Mbao

Mume wangu alikuwa fundi seremala hapa Bungoma, na mwishoni mwa miaka ya themanini hakukuwa na benchi la kanisa letu ambalo halikupita mikononi mwake. Nyumbani kwake mwenyewe mikono hiyo ililala. Kiti changu cha jikoni kilikuwa na kibanzi kilichonirarulia rinda mara mbili, na kila nikimwambia, jibu lilikuwa kesho.

Njiwa ndio waliotuingiza kwenye mambo ya mwalimu. Walijaa chini ya paa la kanisa, wakachafua mabenchi, vitabu vya nyimbo, na Jumapili moja bega la mchungaji katikati ya maombi. Kwenye mkutano, kijana mmoja wa kamati akasema watiliwe sumu. Mzee wa kanisa aliruka kama aliyekalia siafu.

"Ati tuwekee Roho Mtakatifu sumu? Si tutalaaniwa, bana!"

Hapo akasimama mwalimu mgeni, mjane aliyehamishwa kutoka Kitale mwaka huo. Akasema huko kulikuwa na ghala la mahindi ambako walipunguza njiwa bila kuua hata mmoja. Unawajengea nyumba yao nje na kuwalisha huko. Makinda ya kwenye paa yakisharuka, unaziba matundu kwa waya. Kisha wakitaga unachukua mayai, unawawekea ya mbao. Njiwa atayalalia akidhani ni yake. Ukimnyang'anya bila kumrudishia kitu, atataga mengine upesi.

"Lakini mayai yenyewe yanataka fundi wa kweli," akamalizia, akimtazama mume wangu.

Nikamwona mume wangu akinyoosha mgongo. Wivu ulinishika hapo hapo, mkutano haujaisha.

Nyumba ya njiwa aliijenga kwa wiki moja tu, juu ya nguzo ndefu ili paka wasifike, na akaipaka rangi. Lakini mayai ndiyo yaliyonitoa roho. Alikaa kwenye karakana yake, pale uani kwetu, akichonga mbao za saiprasi, akizipiga msasa, akilipitisha yai shavuni kusikia kama liko laini. Shavuni! Mimi nilimtazama kupitia dirisha la jikoni huku ugali unaungua. Jioni, baada ya shule, mwalimu alikuja kuyakagua. Alilifumbata yai kiganjani, akafunga macho.

"Hili liko na kona, fundi. Njiwa itakataa."

"Leta nirudie," mume wangu akasema, mpole kabisa. Ni mume huyo huyo ambaye nikimwambia amevaa shati ndani nje, ananuna mpaka tulale.

Ningepata cha kushika, mtaa mzima ungenisikia. Sikupata. Hawakugusana, hawakunong'ona, hawakujificha. Mwalimu aliniita Mama, akanisaidia kuchambua maharagwe, akasifu chai yangu. Walizungumza habari za mayai tu. Lakini mimi nilikuwa na maneno ya miaka mingi, na hakuna hata moja lililowahi kusikilizwa namna ile.

Nikamwomba Mungu mpango ushindwe. Sioni haya kusema. Niliomba njiwa wayakatae yale mayai, wayasukume chini, watu wacheke. Wapi! Waliyalalia kwa heshima zote, nikawachukia na wao. Mvua zilipoisha, makinda yalikuwa yale machache tu ambayo mume wangu aliyaacha yaanguliwe kwa makusudi. Mabenchi yakakaa safi, na akina mama wakawa wananisimamisha sokoni.

"Bibi ya fundi, bwana yako na mwalimu wametusaidia kweli!"

Bwana yako na mwalimu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kila Jumamosi walikwenda pamoja kubadilisha mayai. Mume wangu alipanda, mwalimu akashika ngazi na kuyapokea. Siku moja nikajipeleka, nikasema leo nitashika mimi.

"Wewe hujui," mume wangu akasema. "Utaitingisha."

Nikarudi nyumbani, nikafua nguo zilizokuwa safi.

Kisha mwalimu akahamishwa tena, akarudi Kitale. Siku vitu vyake vilipopakiwa kwenye lori niliimba nikiosha vyombo, na sauti sikuipunguza. Mume wangu aliingia karakana, lakini sikusikia nyundo wala msumeno mpaka jioni.

Jumamosi iliyofuata nilimfuata kanisani bila kuitwa, na hakunikataza. Nikashika ngazi kwa mikono miwili. Haikutingika hata kidogo. Akapanda, akaingiza mkono kwenye kile kijumba, njiwa akaguna. Nilikuwa na furaha kubwa siku hiyo. Nikasema moyoni, sasa ni sisi.

Akateremsha mkono bila kutazama chini, yai jeupe kiganjani.

"Pokea, Mwalimu."

"Mwalimu ako Kitale," nikamwambia. "Huku chini ni mimi."

Nikalipokea yai, na yeye akabaki juu ya ngazi, mkono umerudi ndani ya kijumba, muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.