Kidole cha Mgongoni

Mwanamke aliyeshona mapazia katika chumba cha mwisho cha jengo lile la ghorofa moja alikuwa na sauti iliyojulikana na kila mwenye redio, ila hakuna mteja wake aliyejua kuwa ni yake. Asubuhi alifungua madirisha, akachomeka pasi, akawasha redio, kisha akaanza kupinda mapindo. Siku haikupita bila wimbo wa mwimbaji aliyeitwa Asali. Na katika kila wimbo wa Asali, pale mwimbaji anapouliza jambo, kuna mwanamke anayemjibu kwa juu, kwa sauti nyembamba na imara kama uzi wa nailoni.

Siku moja mteja aliyefuata mapazia ya sebuleni alimkuta akiitikia pamoja na redio, akakunja uso.

"Mama, mwachie mwenyewe aimbe. Unauharibu wimbo."

"Samahani, mwanangu," alijibu, akamfungia mapazia yake.

Jambo hilo alilisimulia kama kichekesho kwa muda mrefu. Wakati huo alikuwa bado anaweza kucheka.

Wenzake wa zamani walimwita Mwangwi. Bendi yao ilikuwa ya watu wanne tu. Asali alitunga, akaimba na kupiga gitaa. Alipewa jina hilo kwa sababu ya koo lake. Besi ilipigwa na bwana mrefu asiyeongea sana, aliyeitwa Nguzo. Ngoma zilikuwa za kaka yake Mwangwi wa tumbo moja, aliyejulikana kwa jina la Radi. Ni Radi aliyemtoa mdogo wake jikoni kwa mama yao, akamsimamisha nyuma ya kipaza sauti na kumwambia, "Wewe jibu tu anachouliza."

Haki ya mtu apewe: nyimbo zilikuwa za Asali. Maneno yake yalimwingia msikilizaji hata kama alikuwa na haraka. Lakini Mungu hampi mja vyote. Asali hakuweza kuhesabu. Vyombo vikianza kufungua wimbo, hakujua ni wapi pa kuingilia. Mara aliingia mapema, kama mgeni anayenawa mikono chakula kikiwa bado jikoni. Mara alichelewa hadi wenzake wakawa wamefika kwenye kiitikio. Nguzo alijaribu kumpa ishara kwa kichwa, na Radi kwa kuinua kijiti, lakini haikusaidia, kwa kuwa Asali aliimba akiwa amefumba macho, na macho yale yaliyofumbwa ndiyo yaliyowaua wasichana wa mji mzima.

Dawa ilipatikana kwa Mwangwi. Alisimama nyuma yake, karibu kabisa, akaweka kidole kimoja katikati ya mabega. Kidole kikibonyeza, Asali aliingia. Kikitulia, alisubiri. Kwa njia hiyo walirekodi nyimbo zote zilizokuja kuvuma, na kwa njia hiyo walizunguka kumbi. Watu walidhani ni mapenzi. Mke wa Asali naye alidhani hivyo, akanuna kwa miaka, mpaka siku alipohudhuria mazoezi na kushuhudia mumewe akiingia pasipo kidole.

"Wifi," alimwambia Mwangwi siku hiyo, "endelea kumshika."

Bendi ilipokufa, ilikufa kama zinavyokufa bendi nyingi, bila ugomvi na bila kuagana. Asali alianza kwenda peke yake kwenye sherehe za wakubwa, ambako alisimama na kufungua mdomo juu ya kanda iliyokwisha rekodiwa. Nguzo alirudi kwenye useremala. Mwangwi akashika cherehani. Radi akaugua.

Aliugua kwa muda mrefu, miguu imevimba, akiwa amelazwa chumba cha mbele ili aone barabara. Kila gari liliposimama nje aliinua kichwa.

"Asali huyo?"

"Hapana, kaka. Ni jirani."

"Atakuja. Ana mambo mengi yule."

Asali hakuja. Wala mazishini hakuonekana. Alimtuma dereva wake na salamu za pole, na dereva mwenyewe aliuliza mlangoni hapo ni kwa marehemu nani. Mwangwi aliyameza yote hayo. Aliyameza kama dawa chungu, kwa kujiambia kuwa umaarufu ni kazi na kazi haina udhuru.

Kisha ikatoka albamu. Kampuni moja ya muziki ilikusanya nyimbo zote kubwa za Asali katika kasha jeusi la kupendeza, diski mbili ndani, na kitabu chenye picha. Binti wa Radi, ambaye alikuwa akisomea ualimu na aliishi na shangazi yake tangu msiba, alilinunua kwa akiba yake. Alikuja nalo chumba cha mapazia akitweta kwa furaha, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akaanza kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Akarudia.

"Shangazi, baba hayumo."

"Tazama vizuri. Labda wameandika Radi."

"Hayumo. Wewe humo, na Mzee Nguzo hayumo. Wamemtaja fundi wa nywele. Halafu wameandika hivi: nawashukuru pia wote walionisaidia njiani."

Mwangwi alizima pasi. Alimwangalia yule binti, aliyerithi mikono mipana ya baba yake, akiwa ameshika kasha lile kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Kitu alichokuwa amekimeza kwa miaka kikapanda hadi kooni, na safari hii hakikushuka.

"Walionisaidia," alisema polepole. "Kama tulimsukumia gari."

Kesho yake alivaa gauni lake zuri akaenda ofisini kwa Asali. Alimkuta kwenye kiti kinachozunguka, amezungukwa na picha zake mwenyewe. Asali alisimama kumpokea kwa mikono miwili.

"Dada Mwangwi! Karibu, karibu. Huzeeki wewe?"

"Kasha zuri," alisema Mwangwi bila kukaa. "Na picha nzuri. Mashavu umeyaacha wapi?"

"Mpiga picha huyo, ana maajabu yake."

"Jina la kaka halimo. La Nguzo halimo."

"Na lako halimo. Sema tu, usione aibu."

"Langu nimelizoea. Naulizia la marehemu."

Asali alikaa, akajizungusha kidogo kwenye kile kiti. "Dada yangu, mambo ya kasha si yangu, ni ya kampuni. Lakini hata ningekuwa mimi: mtu akila akashiba, anauliza jina la mpishi? Sahani haiandikwi jina la mpishi."

"Mpishi aliye hai atapika tena akumbukwe. Huyu hapiki tena."

"Yameshachapishwa, basi tena. Tusihuzunishane." Alipunguza sauti, akatabasamu lile tabasamu la jukwaani. "Ila umekuja wakati mzuri, maana nilikuwa nakutafuta. Siku ya uzinduzi wanataka niimbe kweli, vyombo vya moja kwa moja, na redio na televisheni zitarusha. Nguzo amekubali. Ngoma tumepata kijana fundi. Sasa bila kidole chako, mimi ni mtu wa kuaibika."

Mwangwi alikuwa amekuja na maneno yake ameyapanga mdomoni kama risasi. Aliposikia hivyo, akayarudisha ndani moja moja.

"Nitakuja," alisema.

"Nilijua. Wewe huna kinyongo."

"Kinyongo cha nini, kaka yangu?"

Njiani kurudi alipitia karakana ya Nguzo. Mzee alikuwa akipiga randa mguu wa kitanda, na maranda yamemjaa ndevuni.

"Umekubali kumpigia," Mwangwi alimshtaki.

"Nimekubali kupiga besi. Yeye ni mtu anayesimama mbele yake tu."

Mwangwi alimweleza alilokusudia. Siku ya uzinduzi, wimbo wa kwanza ukifunguliwa, hatabonyeza mpaka Asali ayataje majina yao mbele ya watu wote: la Nguzo, na la Radi. Akishayataja, atambonyeza aimbe zake.

"Na mimi nifanye nini?"

"Zunguka. Ufunguzi ukiisha, urudie. Ukiisha, urudie."

"Nizunguke hadi lini?"

"Hadi kinywa kifunguke."

Nguzo aliweka randa chini akafikiri. "Watu husema shukrani ya punda ni mateke," alisema mwishowe. "Wanamwonea punda. Punda angalau hubeba mzigo." Akaokota randa. "Nitazunguka. Goti ni bovu, lakini vidole havijazeeka."

Siku ilipofika ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Binti wa Radi alikaa safu ya tatu, kasha jeusi mapajani. Asali alipanda na gitaa shingoni, amevaa koti jeupe, akapunga mkono, akafumba macho. Ukumbi ukapiga kelele. Kijana wa ngoma akaanza, Nguzo akafuata, na ule ufunguzi ambao kila mtu anaujua ukajaa ukumbini. Mwangwi alisimama mahali pake. Aliweka kidole kwenye lile koti jeupe, akakiacha kimelala.

Ufunguzi ukaisha. Nguzo akarudia. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni madoido.

"Bonyeza," Asali alinong'ona bila kusogeza midomo.

"Taja majina."

"Nini?"

"Ya waliokusaidia njiani. Taja, nibonyeze."

Ufunguzi ukazunguka tena. Kijana wa ngoma alimwangalia Nguzo kwa wasiwasi, na Nguzo akamkonyeza aendelee. Asali hakuwa mjinga; alijua kamera ziko wapi. Akasogea kwenye kipaza sauti, akacheka kicheko cha utamu.

"Ndugu zangu, kabla sijaimba, niwatambulishe wenzangu wa tangu mwanzo." Akamtaja mpiga besi kwa jina lake na la baba yake, na watu wakashangilia. Akamtaja Mwangwi naye kwa majina yote mawili, jambo ambalo Mwangwi hakuliomba, na kelele zikazidi. "Na kwenye ngoma, tunamkumbuka marehemu ndugu yetu, Radi."

Akarudi nyuma nusu hatua, mgongo wake ukitafuta kidole.

"Jina," alisema Mwangwi.

"Nimeshataja."

"Hilo ni la utani. Jina lake."

Hapo Asali alifumbua macho. Mashabiki wa safu za mbele waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona jukwaani, macho ya Asali, na yalikuwa madogo na yenye hofu. Alimgeukia Nguzo. Nguzo akainamia nyuzi zake. Aligeuka zaidi, akamtazama Mwangwi usoni, na Mwangwi akafahamu.

Hakuwa anagoma. Hakulijua.

Miaka yote ile, gari moja, chumba kimoja cha wageni, sigara moja ikipita mikononi mwa wanaume watatu. Alimwita Radi siku ya kwanza, akamwita Radi hadi mwisho, na hakuwahi hata siku moja kuuliza mama yake Radi alimpa jina gani. Mwangwi alikuja ukumbini kumkamua mtu kitu alichokificha. Kumbe hakuwa na kitu cha kukamuliwa. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa ya moto. Iliyomshika sasa ilikuwa baridi, tena tulivu.

Akaondoa kidole, akakunja mikono.

Asali aliingia kwa kukisia. Aliingia katikati ya mzunguko, akajisikia amekosea, akasita, akaingia tena, vyombo vikiwa vimekwisha pita. Ile sauti tamu ilitangatanga kama mbuzi sokoni, ikigonga huku na kule. Watu walianza kutazamana. Hata hivyo alisukuma mstari hadi mwisho, akafika pale anapouliza, na pale anapouliza panatakiwa kujibiwa. Mwangwi akasogeza kipaza sauti chake. Hakujibu maneno ya siku zote. Kwa sauti ileile na kwa mapigo yaleyale, aliimba jina la kaka yake, la baba yao na la babu yao, kisha akamalizia, mpiga ngoma.

Safu ya tatu binti alisimama.

Asali akauliza tena, kwa kuwa wimbo wake mwenyewe ulimlazimu kuuliza. Mwangwi akajibu vilevile. Mara ya tatu ukumbi ulikuwa umelishika, maana watu hupenda kuitikia kuliko kuuliza, na mamia ya vinywa yaliliimba jina lile. Mwimbaji hakusikika. Alibaki na gitaa shingoni, mdomo unafunguka na kufumbika kama alivyozoea kwenye sherehe za wakubwa, isipokuwa siku hiyo hapakuwa na kanda ya kumsitiri.

Kampuni ilifanya haraka, kwa sababu watu waliingia madukani wakiuliza habari za huyo mpiga ngoma. Kasha lilichapishwa upya likiwa na majina ya wote watatu. Binti alilileta, Mwangwi akafuta mikono, akasoma jina la kaka yake herufi kwa herufi. Halikuwa na kosa. Alilirudisha kasha kwa binti, akaendelea na pazia.

Haukupita mwezi, Asali alikuja. Alisimama mlangoni, amevaa shati la kawaida, kope zimemvimba. Alimwamkia, kisha, kama mwanafunzi aliyekesha akikariri, akataja jina la Radi, la baba yake na la babu yake, kwa mpangilio.

"Umelijua," alisema Mwangwi.

"Nimelijua. Dada, wameniita miji mingine sita. Hawataki kanda tena, wanataka kama ile siku. Sitaweza peke yangu. Sema lolote unalotaka."

Mwangwi aliigeuza pasi, akaipitisha kwenye pindo hadi mwisho wa kitambaa. Kulikuwa na kiti karibu na mlango, juu yake pazia moja lililokwisha kunjwa. Mgeni alikiangalia kiti, akamwangalia yeye.

"Kaka alikuwa akiinua kichwa kila gari liliposimama," alisema Mwangwi. "Akisema utakuja. Nami nikimwambia ni jirani."

"Dada..."

"Leo umekuja. Nimekuona."

Akachukua kitambaa kingine. Asali aliendelea kusimama, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, na Mwangwi hakuliondoa lile pazia kitini ili akae.