Kaswida ya Maabara

Mpimaji wetu wa maabara ana vidole vyenye wekundu usiotoka, wa rangi ya kupimia makohozi. Akiinamia darubini huimba kaswida puani, bila maneno. Akiona kijidudu, hunyamaza hapo hapo. Mwenyewe hana habari, lakini sisi wa benchi la nje tunajua sote.

Jana ilikuwa zamu ya Mzee Sheshe, aliyeteremka kutoka Mtae baada ya kumeza dawa za kifua kikuu miezi sita. Benchi zima tulibana vikohozi. Kaswida ikaanza, ikapanda, ikafika mwisho bila kukatika. Mpimaji alipotoka na karatasi, alimkuta mzee anakumbatiwa.

“Shikamoo, mzee. Nani kakwambia?”

“Marahaba, mwanangu. Umeniimbia mwenyewe.”