Ngoma Ambayo Baba Hakuiona

Tangu nipate akili, kila kiangazi mama humsimulia baba ngoma ya kinyago, na baba husikiliza kama mtu aliyekuwa safarini. Baba hakuwa safarini. Alikuwa ndani ya kinyago.

Kwetu Newala mtu anayecheza kinyago hatajwi. Anatokea porini amefunikwa nguo mwili mzima, kichwani kavaa uso wa mti, miguuni njuga, na wanawake hawatakiwi kujua ni mume wa nani wala kaka wa nani. Wanasema zamani wanawake waliamini kabisa kwamba ni mfu aliyefufuka. Mimi sidhani kama waliwahi kuamini. Mwanamke anayemfulia mtu nguo na kumkanda mgongo ataitambua miguu yake hata ukiivisha njuga za kijiji kizima. Lakini kujua ni jambo moja, kuonyesha kwamba unajua ni jingine, na katika hilo la pili mama yangu hana mpinzani.

Utaratibu wao ulikuwa huu. Siku ya ngoma baba aliaga kwamba anakwenda shamba la mbali kutazama mikorosho. Jioni alirudi ameoga, vumbi bado limo masikioni, akakaa kwenye kigoda chake. Mama akampa pole ya shamba, akamwambia leo umekosa. Kisha akaanza: alivyoingia uwanjani, alivyotikisa mabega, alivyowatimua wasichana wakaangukiana. Alisifu, na alikosoa pia bila huruma. Mwaka mmoja alisema yule mtu alirukaruka kama kuku aliyemwagiwa maji. Baba hakukasirika, aliuliza tu alirukaruka wakati gani, mwanzoni au mwishoni. Kiangazi kilichofuata yule mtu alicheza ametulia.

Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba baba hana mahali pengine pa kuuliza. Wenzake wa ngoma humsifu kwa sababu ni mkubwa wao. Kaka yangu humsifu kwa sababu ni baba yake. Mama peke yake humwambia ukweli, na anaweza kumwambia kwa kuwa wote wawili wanazungumzia mtu mwingine.

Mimi naishi Masasi, mtaa wa Mkomaindo, nashona sare za shule na kupunguza nguo za mitumba. Mwaka huu mteja wangu mmoja aliniambia kwamba Mtwara mjini wanaandaa wiki ya sanaa ufukweni, kama kawaida yao wakati wa kipupwe, na wanatafuta vikundi vya ngoma kutoka huku juu. Nikampigia baba. Akasema atawauliza wenzake. Baadaye kaka yangu alinieleza kwamba baba ana goti bovu tangu masika. Alitaka kucheza mara moja mbele ya watu wengi ili ajue kama bado anaweza au aache kabisa. Ajue, maana yake amsikie mama. Hilo kaka hakuhitaji kunifafanulia.

Kwa hiyo tulishuka Mtwara na gari la kukodi, wanaume mbele na ngoma zao, sisi wanawake nyuma na sufuria. Wanawake walikwenda kwa sababu ngoma ya kinyago bila wanawake wa kuikimbia haina maana. Baba hakupanda na sisi. Alikuwa ametangulia siku moja kabla, "kumwona rafiki yake bandarini". Mama alimfungia chakula cha njiani na kumwambia amsalimie huyo rafiki.

Ufukweni palikuwa na mambo mengi. Watoto walikuwa wanachora ukutani kwa rangi za makopo, mama lishe wamepanga meza za pweza na mihogo, kwaya moja ya akina mama kutoka Lulindi imekaa kivulini inangoja zamu yake, na kikundi cha taarabu kinajaribu vipaza sauti kwa muda mrefu kuliko kilivyoimba. Nilipapenda. Kulikuwa pia na jukwaa kubwa, na pembeni yake skrini pana kama ukuta wa nyumba, ili walio mbali nao waone.

Mshereheshaji alikuwa kijana mchangamfu kupita kiasi.

"Shikamoo dada. Naomba majina ya wasanii wako."

"Marahaba. Wapiga ngoma hawa hapa, waulize wenyewe. Wa kinyago hana jina."

"Hana jina kivipi? Cheti nimwandikie nani?"

"Mwandikie Newala."

Akacheka. Nikamweleza vizuri, taratibu, kwamba mchezaji asivuliwe kinyago mbele ya watu, na mtu asiingie nyuma ya turubai anapopumzikia, kwa sababu mke wake yumo uwanjani. Akasema nisiwe na wasiwasi, mila wanaziheshimu sana. Naamini alisema kweli. Ila wenye kamera walikuwa kundi jingine, na wao hakuna aliyewaambia lolote.

Mchana ule unyevu wa bahari ulizilegeza ngozi za ngoma zetu, zikawa zinatoa sauti ya ndoo. Wanaume wakawasha moto wa makuti wazikaushe, mgambo akaja kuuzima, wakabishana, wakaelewana. Ngoma zikalia. Kisha yule mtu akatokea nyuma ya turubai.

Nitasema nilichokiona. Mabega yalikuwa yale yale, yanatetemeka yenyewe huku kiwiliwili kimetulia. Alipowageukia watoto wa mjini hawakukimbia kwa kuigiza kama sisi, walikimbia kweli, mmoja akaingia chini ya meza ya pweza. Watu walipiga makofi hadi nikajivuna kana kwamba nacheza mimi. Mama na wenzake waliimba, wakamzomea, wakamkimbia, wakarudi kumzomea tena. Sikutazama miguu yake. Niliogopa kuitazama.

Alipomaliza alirudi nyuma ya turubai, na wanawake wakaendelea kuimba wakimsindikiza. Hapo skrini ikabadilika. Badala ya jukwaa tukamwona baba. Amekaa juu ya kreti la soda, kinyago kipo mapajani, jasho linamtiririka, mikono miwili imelishika goti. Sura yake ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Mshereheshaji akapaza sauti: "Mpigieni makofi, huyu ndiye shujaa wetu!" Uwanja mzima ukapiga makofi, isipokuwa upande wetu. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Wanawake wa Newala wakatazama mchanga, wote kwa pamoja, bila mtu kuwaambia.

Mama alichelewa. Alikuwa ameelekea skrini, na nilimwona akiona. Kisha akainama, akaanza kutafuta kandambili zake, na zote mbili zilikuwa miguuni.

Nilikwenda kwenye hema la mitambo na kusema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliyekuwa ameishika kamera ile alikuwa binti mmoja. Aliomba radhi, akasema aliona ni picha nzuri. Ilikuwa picha nzuri kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huzuni, maana nilijua kilichoharibika. Mama akishamwona, anasimulia nini tena, na kwa nani?

Tulirudi Newala kesho yake. Baba alipanda gari jingine. Mimi sikushukia njiani wala kuendelea Masasi, wateja wangu nikawaambia wasubiri. Jioni ile mama alimpa baba pole ya safari na maji ya kuoga, basi. Hakusema umekosa. Walikula wakiongelea bei ya mbaazi. Baba alikaa kwenye kigoda muda mrefu baada ya chakula, anangoja, na mimi nikaingia ndani kwa kuwa nilishindwa kuendelea kumtazama.

Asubuhi mama alikuwa uani anapepeta mbaazi. Baba akatoka akichechemea, akakaa. Kwa Kimakonde, lugha ya nyumbani kwetu, akauliza jambo ambalo sikuwahi kumsikia akiuliza.

"Ngoma ilikuwaje?"

Mama hakuuacha ungo.

"Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Bandarini, kwa rafiki yangu. Tulikwenda kutafuta samaki."

"Samaki wenyewe wako wapi?"

"Walikuwa ghali."

Mama akapepeta. Akatupa makapi upande wa kuku. Kisha akamwita baba kwa jina la kaka yangu, kama anavyomwita siku zote, akasema:

"Aliingia vizuri. Mabega yake bado hayana mfano, wale watu wa pwani hawajawahi kuona kitu kama kile. Baadaye kidogo mguu wa kushoto ukawa haunyanyuki, anauburuta, anawahi kugeuka ili watu wasiuone. Wao hawakuuona. Mimi niliuona."

Baba akatikisa kichwa kukubali.

"Halafu wakaonyesha mtu kwenye ile skrini yao, wakasema ndiye huyo. Mzee mmoja kachoka, anashika goti." Akaugeuza ungo. "Mimi simjui."

Baba alitazama chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai mkononi, na sikuthubutu kusogea.

"Waambie wenzako wamwache apumzike," mama akasema. "Mwakani wamtafute mwingine. Na huyo mwenyewe, ukikutana naye, mwambie mimi nilikuwa namngoja kila kiangazi tangu nikiwa msichana, na hakuna mwaka niliojuta kwenda."

Baba alikaa hadi ungo ukaisha mbaazi. Kisha akasema sawa, atamfikishia.