Pampu za Bwana Maji

Kazini walimwita Mama Waya, ingawa miaka ya karibuni waya alizigusa kwa nadra. Alikuwa fundi umeme wa kampuni ya maji, na muda mwingi alikaa mbele ya kompyuta akipanga mota ziwake na kuzimika zenyewe. Kwenye skrini alichora visanduku, kila kimoja na kazi yake: hiki kinapima, hiki kinasubiri, hiki hakiruhusu kitu mpaka viwili vya nyuma yake vikubaliane. Akaviunganisha kwa mistari, kisha akaupakia mchoro mzima kwenye kidhibiti cha mota. Kikishaupokea, hakimhitaji mtu tena.

Mume wake alikuwa opereta wa pampu katika kampuni hiyo hiyo, kwenye kituo cha nyuma ya soko. Watu wa mtaa walimwita Bwana Maji. Bomba likikauka walimsimamisha njiani kumlalamikia, likitiririka hawakumkumbuka. Yeye alicheka tu. Alipenda kusimulia, ila habari za pampu mkewe hakuwa na subira nazo. Mume akizianza, mke alikumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua.

Siku moja meneja alimkabidhi Mama Waya kituo hicho cha nyuma ya soko. Alimweleza waziwazi kwamba mitambo ikianza kujiendesha, opereta hatakuwa na kazi pale, akamwomba asiseme mpaka ofisi iseme yenyewe. Mama Waya aliitikia. Alijipa moyo kwamba mumewe atapewa kitengo kingine, na kwamba habari mbaya haina haja ya kuwahishwa.

Shida ni kwamba pampu zile zilikuwa kuukuu, na tabia zake hazikuandikwa popote. Aliyezijua alikuwa anakula naye meza moja.

Basi jioni, watoto wakiwa wameinamia madaftari yao, alimuuliza mumewe huwa anaiwashaje pampu ya pili. Bwana Maji aliweka kijiko chini. Akaeleza kwamba haiwashi mpaka ya kwanza itulie, maana zikiamka pamoja umeme unayumba. Na tangi likikaribia kujaa hazizimi kwa ghafla, kwa sababu maji hurudi nyuma yakagonga mabomba kama mgeni mwenye hasira. Vikombe vya chai viligeuka matangi, kijiko kikawa koki. Jioni zilizofuata aliwahi kurudi, akaoga, akakaa akisubiri kuulizwa.

Mkewe aliuliza, na asubuhi ofisini kila jibu likawa kisanduku: hapa cha kusubiri, pale cha kupunguza mwendo taratibu. Aliona uso wa mumewe ulivyochangamka. Mara kadhaa ukweli ulimfika mdomoni, akaumeza pamoja na chai.

Siku ya majaribio, Bwana Maji alisimama mlangoni mwa chumba cha pampu akisikiliza. Mota ya pili ilipochelewa kidogo, vilevile alivyozoea kuichelewesha yeye, alimgeukia mkewe. Meneja akamwita mume pembeni, na kuanzia hapo akapangiwa lindo la getini.

Nyumbani hakugomba. Mkewe angeona afadhali agombe. Alimwambia kwamba alikatazwa kusema, naye akajibu kwamba amri za kazi anazielewa. Kisha, huku akifungua kamba za viatu, akasema, "Mimi nilidhani umeanza kupenda habari zangu."

"Nilizipenda kweli," mkewe akasema. "Nilizipenda nilipokuwa nakuuliza."

"Ungeniambia, mama. Ningekueleza vilevile. Tungeipanga mitambo hiyo wote wawili."

Mama Waya alijua ndivyo ambavyo ingekuwa.

Getini Bwana Maji hakukaa sana. Alipata kazi ya pampu kwenye mashamba ya umwagiliaji, mji wa mbali, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Akija hutania watoto na kurekebisha mlango unaokwaruza. Mkewe akimuuliza habari za pampu za huko, humjibu kwamba zinafanya kazi.

Baadaye Mama Waya alipewa kituo kingine. Safari hii alimwendea opereta kabla ya kufungua kompyuta, akamwambia kinachokuja. Mzee yule alimsikiliza, akainuka, akamwambia akaziulize pampu zenyewe. Mama Waya hakumlaumu. Alikaa nazo peke yake akizisikiliza, akakosea, akafuta visanduku na kuvipanga upya, huku meneja akinung'unika kwamba kazi inachelewa.

Alimpigia mumewe simu kumsimulia. Alisimulia kirefu kuliko alivyokusudia, na mumewe hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Bwana Maji alisema amefanya vizuri. Kisha akaomba simu apewe binti yao.